SOMO LA MWEZI: Nabii Aliyetaja Tarehe (Yeremia 28 na 29)



Somo hili tulisome polepole, kila nyumba ikiwa na Biblia wazi juu ya meza, au juu ya mkeka kama meza hakuna. Soma kwanza Yeremia 28 yote. Ni sura fupi, ina mistari 17 tu. Halafu soma sura ya 29 mpaka mstari wa 14. Ukimaliza ndipo urudi hapa, kwa maana nitaeleza kosa langu mwenyewe, na ni vizuri Neno litangulie.

Wengi wenu mlikuwepo kwenye mkesha wa tarehe 31 Desemba 2024. Kanisa lilijaa mpaka nje, tukafunua turubai la upande wa kushoto ili waliosimama uwanjani nao waone. Nilihubiri Isaya 40:31, habari za wale wanaomngoja Bwana na mabawa kama ya tai. Nilianza vizuri. Lakini vigelegele vilivyozidi, nami nikazidi, na ilipokaribia saa sita usiku nilikuwa nimeshatoka katika Isaya nikaingia katika kesi za watu. Niliwaambia wote wenye faili za kwenda nchi ya tatu wasimame. Nikasema 2025 ni mwaka wa mabawa, na kwamba kabla mvua za Machi hazijaisha watakuwa wamepanda ndege. Nikaongeza kwamba mtu wa imani hapandi maharagi mahali ambapo hatavuna. Maneno hayo ya mwisho sikuwa nimeyaandika popote. Yalikuja tu mdomoni, watu wakapiga makofi, nami nikayapenda.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Hata watu waliokuwa tayari na tarehe ya ndege, safari zao zilifutwa. Sina haja ya kuwaeleza nyumba zipi hapa kwetu Nakivale zililia.

Kuna mama mmoja wa kanisa letu mwenye watoto wanne. Yeye hata tarehe ya ndege hakuwa nayo, alikuwa amefanya mahojiano ya kwanza tu. Lakini alinisikia. Wiki ya kwanza ya Januari alikodisha shamba lake kwa mwaka mzima, na fedha ile akanunua masanduku mawili ya safari na viatu vya watoto. Mwanzo wa Februari alikuja kwangu jioni. Hakupiga kelele. Mke wangu alimpa kiti akakaa, chai akaikataa. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, lile neno la mkesha lilikuwa la Bwana au lilikuwa lako?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kichungaji. Ningeweza kusema wakati wa Mungu bado. Ningeweza kusema imani yake ilipungua. Nimewasikia wahubiri wakiwajibu watu hivyo, na mimi pia nimewahi kujibu hivyo, Bwana anisamehe. Jioni ile nilishindwa. Nilimwambia, "Mama, lilikuwa langu."

Amenipa ruhusa kuandika haya mradi nisitaje jina lake. Nilitubu mbele ya kanisa Jumapili iliyofuata, lakini toba ya dakika tano haimfundishi mtu kitu. Ndiyo sababu nikarudi kwa Yeremia, na somo hili ni yale niliyoyakuta huko.

HANANIA HAKUWA MCHAWI

Tuweke kwanza miaka mahali pake. Mwaka 597 kabla ya Kristo mfalme wa Babeli alimchukua mfalme kijana Yekonia, pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na vyombo vya hekalu, akawapeleka uhamishoni. Yerusalemu wakabaki watu chini ya Sedekia. Kwa hiyo kulikuwa na Wayahudi wa aina mbili, waliobaki nyumbani na waliochukuliwa, na kila upande ulisubiri habari za mwenzake. Sisi tuliovuka kutoka Rutshuru mwaka 2008, tukawaacha wazee waliokataa kuondoka, tunaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Mwaka wa nne wa Sedekia, Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, alisimama hekaluni akatangaza kwa jina la Bwana kwamba nira ya Babeli imevunjwa, na ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi, na Yekonia na mateka wote watarudi. Kisha akaichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu. Hebu fikiri vigelegele vya siku ile!

Tukisoma sura hii tunamwona Hanania kama mtu mbaya tangu mstari wa kwanza, kwa sababu tunajua mwisho wake. Waliokuwa pale hawakujua. Walimwona nabii, mtu anayetaja jina la Bwana wa majeshi, anayesema yale ambayo kila mama mwenye mtoto Babeli alitamani kuyasikia. Hata ujumbe wake ulikuwa na mfano wa zamani. Zaidi ya miaka 100 kabla yake, Senakeribu wa Ashuru aliuzingira mji huo huo, Isaya akatabiri kwamba hataingia, na kweli hakuingia (Isaya 37). Mimi naona Hanania alichukua mahubiri ya mwaka mwingine akayahubiri katika mwaka wake. Yalikuwa kweli wakati wa Hezekia, na Bwana hakuyarudia wakati wa Sedekia. Mahubiri mengi tunayoyaharibu sisi wachungaji huharibika hivyo. Tunasikia ushuhuda wa familia iliyopanda ndege mwaka fulani baada ya kufunga siku tatu, tunaugeuza ahadi kwa kila familia itakayofunga siku tatu.

Angalia tena jambo hili. Vyombo vya hekalu vilirudi kweli! Soma Ezra 1:7-11 uone vilivyohesabiwa siku Koreshi alipovitoa. Hanania alilipata tendo la Mungu, akakosea tarehe. Lakini mtu anayengoja miaka miwili haishi kama mtu anayengoja miaka 70. Wa miaka miwili hajengi, na mtoto hampeleki shule. Anakaa juu ya mzigo wake. Kwa hiyo kosa la tarehe liliwafikia watu jikoni na shambani, kama langu lilivyomfikia mama yule.

Na Yeremia alifanya nini? Mstari wa 6 unasema alijibu Amina. Alitamani Bwana afanye vile alivyosema Hanania. Wapo wanaodhani kwamba mhubiri asiyeahidi safari hataki watu wasafiri. Yeremia alitaka sana warudi. Alikumbusha tu kwamba nabii wa amani atajulikana neno lake litakapotimia. Halafu nira ilipovunjwa, mstari wa 11 unasema alikwenda zake. Hakuwa na jibu kutoka kwa Bwana saa ile, na hakutunga la kwake. Neno lilimjia baadaye, kwamba nira ya mti imevunjwa na mahali pake itakuwepo ya chuma.

Ndugu wahubiri vijana, huo mstari wa 11 muusome mara nyingi. Mbele ya watu waliojaa, mwenzako amemaliza, wamesisimka, wote wanakutazama wewe, na wewe huna kitu. Nenda zako nyumbani. Mimi sikuweza usiku ule wa mkesha.

BARUA KWA WALIOCHUKULIWA

Sura ya 29 ni barua. Ilibebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, waliotumwa Babeli na mfalme Sedekia. Bila shaka waliopokea waliifungua kwa haraka, kama sisi tunavyokimbilia ubao wa matangazo tukisikia orodha imebandikwa. Walitafuta tarehe. Walichokuta ni kwamba wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuolewa, wazae, wautafute usalama wa mji walikopelekwa na kuuombea. Tarehe ipo pia, mstari wa 10, nayo ni miaka 70.

Mstari wa 11 tunaupenda wote. Umeandikwa kwenye fulana za kwaya na nyuma ya pikipiki za vijana wetu. Ni mstari mzuri, na Mungu ana mawazo ya amani juu yetu, naamini hivyo. Lakini ulitumwa pamoja na mstari wa 10. Mzee wa miaka 40 aliyesomewa barua hiyo alielewa kwamba yeye mwenyewe hatarudi. Atazikwa Babeli. Na bado Bwana alimwambia kwamba anamwazia mema. Kwa hiyo mema ya Mungu kwa mzee yule hayakuwa safari peke yake. Yalianza kwenye bustani ile, kwenye harusi ya binti yake, na katika sala, maana mistari ya 12 na 13 inasema Bwana atasikika na kuonekana huko huko, kabla hawajarudi.

Nawaomba wazazi tukae hapa kidogo. Kupanda bustani kwetu ni nini? Kwa wenye shamba ni shamba, hata kama kipande ulichopimiwa ni kidogo kuliko walichopewa waliotangulia. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi, na nyumba nyingine zikaondolewa kabisa, nani asiyejua thamani ya debe la mahindi la kwake mwenyewe? Lakini bustani ni pia kumwandikisha mtoto shule. Nimekuta nyumba ambazo mtoto amekaa miaka miwili bila shule kwa sababu "tunaondoka." Ni kukandika ukuta ulioanguka. Ni kujifunza salamu za Kinyankole, majirani zetu wafurahi ukiwasalimu kwa lugha yao.

Na kuoa. Hapa najua nagusa kidonda. Wapo vijana wetu wanaopendana, na wanaahirisha ndoa mwaka hadi mwaka kwa sababu kuongeza mtu kwenye faili kunachelewesha kesi ya wazazi. Wengine wanaishi pamoja kwa kujificha, mtoto anazaliwa, na kwenye karatasi hayupo. Siwalaumu wazazi wanaoogopa. Hofu yao ina sababu. Lakini faili ikianza kuamua nani aoe na mtoto gani atajwe, imepata mamlaka ambayo Mungu hakuipa. Njooni tuzungumze, wazazi na vijana pamoja. Tusiwaache watoto wetu wakae maisha yote katika chumba cha kungojea.

Mistari ya 8 na 9 inaonya juu ya manabii na ndoto. Naomba mnisamehe mzaha huu: katika makazi yetu ndege nyingi hupaa usingizini kuliko Entebbe. Ndoto ni ndoto, simkatazi mtu kuota. Lakini anayekuja nyumbani kwako na ndoto juu ya kesi yako, kisha akataja sadaka ya kuifungua, mpe maji ya kunywa, umsindikize njiani. Soma Mika 3:11 uone watu wa namna hiyo ni wa zamani kiasi gani. Kanisa hili halipokei fedha yoyote kwa kuombea faili, na mtumishi wetu akiziomba, nileteeni habari.

SHAMBA LA ANATHOTHI

Nilipofundisha haya kwenye kikundi cha wababa, mzee mmoja aliinua mkono. Alisema, "Mchungaji, unatuambia tusahau kwetu?" Lilikuwa swali la haki, na sikulijibu vizuri siku ile. Jibu liko Yeremia 32.

Ni mwaka wa kumi wa Sedekia. Majeshi ya Babeli yameuzingira Yerusalemu, Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi. Anakuja Hanameli, mwana wa mjomba wake, anamwambia anunue shamba lake lililoko Anathothi. Nani ananunua shamba wakati wa vita, mahali ambapo adui amepiga kambi? Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, akampa Baruku hati zote mbili azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Kwa hiyo mtu yule yule aliyewaandikia wa Babeli wapande bustani ugenini ndiye aliyetunza hati ya shamba la nyumbani. Aliyaamini yote mawili pamoja. Wengi wenu mna karatasi za mashamba ya Masisi, Rutshuru, Fizi, zimefungwa ndani ya nailoni juu ya dari au chini ya godoro. Zitunzeni. Waonyesheni watoto. Waambieni jina la kilima na jina la mto, na mipaka ilipita wapi, na lugha ya bibi yao msiiache. Halafu asubuhi mchukue jembe mwende shambani hapa. Mzee yule nilimpelekea jibu hili nyumbani kwake baadaye. Akatikisa kichwa, akaniambia chombo chake cha udongo ni dumu la mafuta la lita tano, na kwamba panya hawaliwezi.

SIKU SABA

Nabii mwingine alikuwa Babeli kwenyewe, kati ya waliochukuliwa, naye ni Ezekieli. Kabla hajahubiri neno moja, sura ya 3 mstari wa 15 inasema alifika Tel-abibu, kwa wale waliokaa karibu na mto Kebari, akaketi pale walipoketi wao, siku saba, akiwa ameshangaa. Neno la Bwana likamjia baada ya siku saba kwisha.

Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuuona. Baada ya Januari 2025 niliuona. Nilianza kwenda katika nyumba zilizofutiwa safari bila mahubiri. Mara ya kwanza ni vigumu sana, mikono haijui ikae wapi. Mchungaji amezoea kufika, kusoma mistari miwili, kuomba na kuaga. Katika nyumba moja baba alikuwa ameuza mbuzi wote na sufuria kubwa. Tulikaa saa nzima, akasema maneno matatu tu. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakulifanya siku nilizohubiri kwake.

Kwa mama wa masanduku, kuketi tu hakukutosha, maana mimi ndiye niliyemfikisha pale. Nilikwenda na mashemasi wawili kwa jirani aliyekodi shamba, Mnyankole, mtu mwenye watoto wake pia. Hakukubali kurudisha shamba, na tukisema kweli hakuwa na kosa. Alilipa, alikwisha lima, mvua zilikuwa karibu. Tulizungumza jioni mbili. Mwishoni alimwachia sehemu ya chini, upande wa bondeni, kama robo ya shamba, mpaka mkataba uishe. Kina mama wa kanisa walichanga mbegu kwa makopo, kila nyumba kopo moja. Mimi na mke wangu tulitoa zetu na jembe. Wiki ya kwanza ya Machi tulipanda. Nilipanda mistari yangu mwenyewe, na kina mama walicheka kwa sababu mistari ya mchungaji ilikwenda kombo.

Yale maharagi yalivunwa Juni, debe moja na nusu. Hayakutosha watoto wanne, na mama alifanya vibarua mpaka mwaka ukaisha. Masanduku yale bado anayo. Moja anatunzia mbegu.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Jumatano tutasoma Yeremia 28 kwa vikundi, saa kumi jioni. Wenye Kiswahili wakutane kanisani, wa Kinyarwanda kwa shemasi wa zoni yao. Zungumzeni haya. Ni neno gani uliloambiwa kwa jina la Bwana likakufanya uache kufanya kazi fulani? Je, nyumbani kwako kuna mtoto ambaye hasomi, au ndoa inayongoja, kwa sababu ya safari? Mtoto akikuuliza "tutaondoka lini," humwambia nini? Hilo la mwisho waulizeni na watoto wenyewe, wawepo.

Mkesha wa mwaka huu nitahubiri tena, mashemasi wakikubali. Nimewaomba wakae kiti cha mbele, na nikianza kutaja mwezi au mwaka, mzee wa kanisa aanzishe wimbo.